Mji wa Mtakatifu Paulo juu ya Mto Mississippi

Miji mingi ya ulimwengu imepata majina yake kwa wafalme, kwa mito au kwa wakubwa wa zamani. Sisi wa Kongo twajua jambo hilo: Élisabethville ulichukua jina la malkia, hata mwaka 1966 ukaitwa Lubumbashi. Lakini huko Marekani uko mji mmoja, mji mkuu wa jimbo la Minnesota, uliopata jina lake kwa kapela ya magogo iliyojengwa na padri maskini. Na kabla ya kapela ile uliitwa kwa jina la mwuza pombe. Jina la kwanza ni Jicho la Nguruwe. Jina la pili ni Saint Paul, yaani Mtakatifu Paulo. Nataka kueleza habari za mji huo, kwa maana wako watu wanaodhani kwamba jina jipya likiisha andikwa kitabuni, kazi imekwisha. Sisi tunaobatiza twajua sivyo.

Kwanza tutazame pahali penyewe. Mto Mississippi watoka kaskazini kwenda kusini, na zamani masua ya moshi yaliweza kuupanda kutoka baharini mpaka hapo, siku nyingi za safari. Mbele kidogo yako maporomoko. Mzungu wa kwanza kuyaandika habari zake alikuwa padri, Louis Hennepin, Mfransisko wa shirika la Warekolekti, mzaliwa wa Ath katika Ubelgiji. Aliyaona mwaka 1680, alipokuwa mateka wa Wadakota, akayapa jina la Mtakatifu Antoni wa Padua. Wanaoujua Kisangani wataelewa upesi maana ya maporomoko: pale masua yanaposhindwa kupita, ndipo mizigo hushushwa, ndipo soko huzaliwa. Saint Paul ulizaliwa ginsi hiyo, chini ya maporomoko. Juu yake, penye nguvu ya maji ya kuzungusha mashini za kusaga ngano, ukazaliwa mji mwingine, Minneapolis. Watu huiita miji miwili hii mapacha, na mapacha hawa wamegombana sana, kama tutakavyoona.

Nchi haikuwa tupu. Wadakota walipaita pahali hapa Imnizaska, maana yake miamba myeupe, kwa sababu ya majabali yaliyo kando ya mto. Kijiji chao Kaposia kilikuwa karibu. Na pale mto Minnesota unapoingia katika Mississippi, wao hupaita Bdote, na wengi wao husema ndipo asili ya kabila lao. Tukumbuke neno hili, tutalirudia.

Mwaka 1819 askari wa Marekani walifika kujenga ngome karibu na Bdote, nayo ikaitwa Fort Snelling. Mwaka 1837 serikali ilifanya mapatano na Wadakota na Waojibwe, ikapata nchi iliyo ng'ambo ya mashariki ya mto. Mara moja wakaja watu. Mmoja alikuwa Pierre Parrant, Mkanada msema Kifaransa, mchuuzi wa zamani wa ngozi za wanyama, mwenye jicho moja bovu lililotisha watu. Mwaka 1838 alijenga kibanda karibu na pango lenye chemchemi, akauza wiski kwa askari, kwa Wadakota, na kwa kila apitaye na mtumbwi. Kwa ajili ya jicho lake Wakanada wenzake walimwita L'Œil de Cochon. Husimuliwa kwamba mtu mmoja aliandika barua nyumbani mwa Parrant, na kwa kuwa pahali hapakuwa na jina, akaandika juu yake kwamba inatoka Jicho la Nguruwe. Jibu likaja kwa anwani hiyo hiyo, na jina likashika.

Wakati huo karibu na ngome walikaa jamaa za Wakanada na Waswisi waliokimbia njaa na mafuriko ya Mto Mwekundu, kaskazini. Walilima, walifuga, hawakuwa watu wabaya. Lakini wakubwa wa ngome walichoka na ulevi wa askari, na mwaka 1840 wakawafukuza raia wote katika eneo la ngome, wenye kosa na wasio na kosa, na vibanda vyao vikabomolewa. Wale waliofukuzwa walishuka na mto kidogo wakajenga tena, karibu na Parrant. Basi mji wa Mtakatifu Paulo ulianzwa na watu wa namna mbili: mwuza pombe, na watu waliofukuzwa kwa ajili ya pombe ya wengine.

Mwaka ule ule Monseigneur Mathias Loras, askofu wa Dubuque, alimtuma huko padri kijana wa Kifaransa, Lucien Galtier. Alikaa Mendota, ng'ambo ya mto, katika nyumba maskini. Mwaka 1841 wakulima wawili, Benjamin Gervais na Vital Guerin, walimpa kipande cha kiwanja juu ya jabali, na Wakristu wakakata magogo. Kapela ilisimama kwa siku chache. Galtier mwenyewe aliandika baadaye kwamba umaskini wake ulimkumbusha Betlehemu. Siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba 1841, aliibariki na kuiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Paulo, akawaomba watu waache jina la zamani. Kwa nini Paulo? Mendota iliitwa Mtakatifu Petro, na Kanisa halitenganishi mitume wale wawili. Tena, alisema Galtier, jina hilo ni fupi, lasikika vizuri, na Wakristu wa madhehebu yote walielewa. Mimi napenda sana sababu hii ya mwisho. Huyu alikuwa mchungaji aliyejua kwamba jina lisilotamkika halidumu.

Parrant alipoteza kiwanja chake katika madai akaondoka, na hatuna habari ya hakika juu ya mwisho wake. Galtier naye alihamishwa mwaka 1844, akafa Prairie du Chien mwaka 1866. Mtu wa pombe na mtu wa Misa, wote wawili hawakukaa miaka mingi. Lakini tutaona kwamba kila mmoja aliacha wazao mjini.

Mwaka 1849 Minnesota ilifanywa eneo lenye serikali yake, na Saint Paul ukawa makao makuu. Mwaka 1850 Roma iliweka diosezi, na askofu wa kwanza, Joseph Crétin, alifika mwaka 1851: kanisa lake kuu ilikuwa kapela ile ya magogo. Lakini cheo cha mji mkuu kilikuwa karibu kupotea. Mwaka 1857 bunge lilipiga kura kuhamisha makao makuu kwenda Saint Peter, mji mdogo juu ya mto Minnesota, ambako gavana na rafiki zake walikuwa na faida katika viwanja. Ilibaki mswada usafishwe na kutiwa sahihi. Mkubwa wa kamati ya kazi hiyo alikuwa Joe Rolette, mchuuzi wa ngozi kutoka Pembina mpakani, aliyezoea kuja bungeni kwa gari lisilo na magurudumu, likivutwa na mbwa juu ya theluji. Rolette alitia mswada mfukoni akatoweka. Alijificha katika chumba cha hoteli mjini humo humo, akila, akinywa, akicheza karata na rafiki zake. Wabunge walimngoja saa 123 bila kufunga kikao. Siku za bunge zilipokwisha, Rolette akaonekana tena, amechelewa kabisa! Mpaka leo makao makuu ni Saint Paul. Mwalimu wa maadili hawezi kulisifu tendo hilo. Lakini watu wa mji wamemsifu sana, na ni lazima msomaji ajue kwamba mji unaoitwa kwa jina la mtume uliokolewa na mdanganyifu mchangamfu. Minnesota ilikuwa jimbo kamili tarehe 11 Mei 1858.

Sasa turudi kwa Wadakota. Kwa mapatano ya mwaka 1851 walitoa karibu nchi yao yote ya kusini mwa Minnesota, wakaachiwa ukanda mwembamba kando ya mto na ahadi ya fedha ya kila mwaka. Mwaka 1862 fedha ilichelewa, mavuno yalikuwa mabaya, na wachuuzi walikataa kuwapa chakula kwa deni. Vita vikaanza mwezi wa Agosti. Walowezi mamia waliuawa, kati yao wanawake na watoto. Wadakota waliposhindwa, baraza la askari lilihukumu watu 303 kufa, hukumu nyingine zikichukua dakika chache tu. Rais Lincoln alizipunguza, lakini 38 walinyongwa pamoja katika mji wa Mankato, tarehe 26 Desemba 1862, siku ya pili ya Noeli.

Aliyekaa na wale waliohukumiwa alikuwa Padri Augustin Ravoux. Mfaransa huyu alikuwa amejifunza Kidakota, na mwaka 1843 alipiga chapa kitabu cha dini kwa lugha hiyo. Wengi wa wale 38 waliomba ubatizo wake. Wakatekista wafikiri jambo hili: miaka ishirini ya kujifunza lugha ya watu, na mavuno yake yakaja chini ya mti wa kunyongea. Wakati ule ule wanawake, wazee na watoto wa Kidakota kama 1,600 walifungwa kambini chini ya Fort Snelling, karibu na Bdote yao, na wengi walikufa kwa magonjwa na baridi. Mwaka 1863 walipakiwa katika masua wakapelekwa mbali, na sheria ikaamuru Wadakota waondolewe Minnesota. Wale waliofukuzwa mwaka 1840 walikuwa wamepata mji. Hawa walipoteza nchi.

Huwezi kueleza Saint Paul bila kumtaja John Ireland. Alizaliwa katika Irlandi mwaka 1838, akafika mjini na wazazi wake mwaka 1852, wakikimbia njaa. Askofu Crétin alimwona, akampeleka kusoma Ufaransa. Alipewa upadri mwaka 1861, akafuata askari wa Minnesota vitani kama padri wao, akawa askofu wa mji mwaka 1884 na askofu mkuu wa kwanza mwaka 1888. Alipigana na ulevi maisha yake yote, na katika mji wa Parrant hiyo haikuwa kazi ndogo. Aliwaleta Wairlandi maskini kutoka miji ya mashariki akawapa mashamba. Alitaka Kanisa liwe la Kimarekani kweli, lenye kusema Kiingereza, na kwa hiyo aligombana na Wakatoliki Wajeremani ambao hawakutaka kuacha lugha yao.

Seminari yake kubwa, iliyofunguliwa mwaka 1894, ililipwa na mtu asiyekuwa Mkatoliki. James J. Hill alikuwa mwenye gari la moshi lililofika bahari ya magharibi mwaka 1893. Mke wake, Mary Mehegan, alikuwa binti wa Kiirlandi wa mji huo, Mkatoliki thabiti. Kwa heshima yake Hill alitoa nusu milioni ya dola. Nawaachia waseminari wakisie ni misaada mingapi ya Kanisa imepitia mikononi mwa wake wakimya!

Katika seminari hiyo alisoma Stephen Theobald, mtu mweusi, mzaliwa wa Guyana ya Waingereza. Ireland alimpa upadri mwaka 1910, wakati ambapo seminari nyingi za Marekani zilifunga milango kwa vijana weusi. Theobald aliongoza parokia ya Mtakatifu Petro Claver, parokia ya weusi wa Saint Paul, mpaka kufa kwake mwaka 1932. Hii haikuwa bahati tu. Mwaka 1890, huko Washington, Ireland alihubiri wazi kwamba mstari wa rangi ufutwe, kanisani na nchini. Maneno hayo yaliwaudhi wakubwa wengi.

Na mtu huyo huyo, mwenye macho ya kuona mbali hivyo, alikosa vibaya mlangoni pake. Mwaka 1889 alifika Minneapolis Padri Alexis Toth, wa riti ya Mashariki, aliyetumwa kuwachunga Wakatoliki Waruteni. Alikuwa mjane, maana katika riti yake mtu mwenye mke aweza kupewa upadri. Alikwenda kumsalimu askofu mkuu na kumwonyesha hati zake. Kadiri ya masimulizi ya Toth mwenyewe, Ireland aliuliza juu ya mke, kisha akakasirika, akakataa kumtambua kama padri halali. Mwaka 1891 Toth na Wakristu wake 361 walijiunga na Kanisa la Waorthodoksi la Urusi, na baada yao maelfu ya wengine katika Marekani. Mwaka 1994 Waorthodoksi walimtangaza mtakatifu. Mazungumzo yale hayakuchukua saa nzima. Nikiwaza juu yake huogopa kidogo meza yangu mwenyewe, ambapo watu huja na karatasi zao nami nimechoka.

Anayefika Saint Paul leo huona makuba mawili makubwa, kila moja juu ya kilima chake. Moja ni la nyumba ya bunge, kazi ya Cass Gilbert, iliyofunguliwa mwaka 1905: kuba la marumaru nyeupe lililofuata mfano wa lile la Mtakatifu Petro huko Roma, na mbele yake farasi wanne wa dhahabu. La pili ni la kanisa kuu, lililofunikwa shaba. Ireland alilikabidhi kwa Mfaransa Emmanuel Masqueray. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1907, Misa ya kwanza ikasomwa mwaka 1915. Kilima cha kanisa ni cha juu zaidi. Barabara inayoyaunganisha makuba hayo yaitwa kwa jina la Ireland. Naye, ili pacha wa pili asinung'unike, alimtaka Masqueray huyo huyo ajenge na basilika ya Minneapolis. Alikuwa na haki ya kuogopa wivu: katika hesabu ya watu ya mwaka 1890 miji miwili hiyo iliandika majina mengi ya watu wasiokuwako, ili kila mmoja uonekane mkubwa, hata serikali ikaamuru hesabu irudiwe.

Lakini chini ya makuba yale wazao wa Parrant walikuwa hai. Tangu mwaka 1900 mkubwa wa polisi, John O'Connor, aliweka mapatano na majambazi wa Marekani: kila mwizi aje mjini kwa amani, ajijulishe, alipe, wala asiibe humo; polisi hawatamgusa. Wenyeji walilala milango wazi, wakafurahi. Walioibiwa walikuwa watu wa miji mingine. Kisha, toka mwaka 1920 mpaka 1933, sheria ilikataza pombe nchini mote, na fedha ya magendo ikawanenepesha majambazi kupita kiasi. Mapatano yakavunjika, na nyoka akamgeukia aliyemfuga: mwaka 1933 walimteka nyara William Hamm, tajiri mwenye kiwanda cha bia, na mwaka 1934 Edward Bremer, mwenye benki. John Dillinger, mnyang'anyi aliyetafutwa kuliko wote, alikaa mjini katika nyumba ya kupanga mwaka huo huo. Ndipo watu wakaona haya, na polisi ikasafishwa.

Uko ukurasa mwingine ambao wenyeji hawaupendi. Weusi wa mji walikaa hasa katika mtaa wa Rondo, ulioitwa kwa jina la Joseph Rondeau, mmoja wa wale Wakanada wa mwanzo. Hapo walikuwa na makanisa yao, maduka, magazeti, nyumba walizonunua kwa jasho. Katika miaka ya 1950 serikali ilitaka barabara kubwa ya motokaa kuunganisha miji miwili. Ilikuwako njia nyingine kando ya reli, walichagua Rondo. Kazi ya kuibomoa na kuijenga ilikwenda toka mwaka 1956 mpaka 1968, na mamia ya jamaa waliondolewa. Meya wa mji aliomba radhi waziwazi mwaka 2015. Mwaka 2017 mji ulimchagua Melvin Carter, meya wake mweusi wa kwanza. Wazee wake walikuwa watu wa Rondo.

Leo Saint Paul una watu zaidi ya 300,000. Minneapolis umeupita tangu mwaka 1880. Baridi yake ni kali, mto huganda, na wenyeji badala ya kulia hufanya sikukuu: tangu mwaka 1886 hujenga mara kwa mara jumba zima la vipande vya barafu. Katika baridi hiyo walihamia Wahmong, watu wa milima ya Laos, waliokimbia baada ya mwaka 1975, na sasa ndio mji wa Marekani wenye Wahmong wengi kuliko yote. Mwaka 2025 Kaohly Her, mzaliwa wa Laos, alichaguliwa kuwa meya.

Nalo Kanisa la mji? Haifai kulinyamazia. Mwaka 2015 jimbo kuu liliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, kwa sababu ya mashtaka ya watoto waliotendewa uchafu na mapadri, na askofu mkuu akajiuzulu mwaka huo. Mwaka 2018 yakafanyika mapatano ya dola milioni 210 kwa watu kama 450. Wenye kosa walivaa kanzu zetu, walisoma Misa ile ile, chini ya kuba ambalo Wakristu maskini walilijenga kwa vipande vya fedha.

Jina la Parrant halikufutika kabisa. Chini ya mji, mahali mto unapopanuka, liko ziwa ambalo ramani bado hulitaja Jicho la Nguruwe. Korongo wengi hujenga viota vyao kisiwani huko, na kando yake, tangu mwaka 1938, kipo kiwanda ambapo maji machafu ya miji yote miwili husafishwa kabla ya kurudishwa mtoni.